Carrboro kwa Miguu: Fuata Reli, Utamkuta Libba

Wageni wengi wanaofika katikati ya jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani, huelekezwa Chapel Hill kwenye chuo kikuu. Carrboro, mji wa watu wapatao 21,000, unapakana nayo upande wa magharibi, na kitovu chake unaweza kukimaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mji ulikua kwa ajili ya kiwanda na ukapewa jina la mwenye kiwanda. Aliyeufikisha masikioni mwa dunia, hata hivyo, ni binti Mweusi aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Ukitaka kuuelewa, fuata reli.

Kufika na kuzunguka
Uwanja wa ndege wa karibu ni Raleigh-Durham, kama nusu saa kwa gari. Ukishafika huhitaji gari: mabasi ya Chapel Hill Transit, yanayohudumia miji yote miwili, hayatozi nauli tangu 2002. Unapanda na kukaa, basi. Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti kuna joto la jasho ambalo mtu wa Dar au Mombasa atalitambua mara moja.

Anzia kiwandani
Reli ilifika hapa 1882, na mwaka 1898 Thomas Lloyd akajenga kiwanda cha pamba kando yake, kilichoitwa Alberta. Mwaka 1909 kilinunuliwa na Julian Carr, tajiri wa tumbaku wa Durham, kikaingia katika kampuni yake ya kutengeneza soksi. Mji ukaitwa Carrboro 1913. Mwaka huohuo Carr alihutubia chuoni Chapel Hill, kwenye uzinduzi wa sanamu ya askari wa majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, akajigamba hadharani kwamba aliwahi kumcharaza mwanamke Mweusi kwa mjeledi. Ni vyema mgeni alijue hilo kabla ya kupiga picha ya kibao chenye jina la mji.

Jengo la matofali bado lipo. Lilinusurika kubomolewa miaka ya 1970 baada ya wakazi kulipigania, na leo ni Carr Mill Mall. Ingia ndani utazame nguzo na boriti nene za mbao, na madirisha marefu yaliyowapa wafanyakazi mwanga. Kwenye kona utakuta Weaver Street Market, duka la ushirika lililoanza 1988, linalomilikiwa na wateja pamoja na wafanyakazi wake. Chakula cha moto hupimwa kwenye mizani: pakua unachotaka, lipa, kisha ukale nje kwenye nyasi chini ya miti, wenyeji wanakopenda kubarizi.

Mitaa ya jirani ina nyumba ndogo za mbao zenye baraza mbele. Hizo zilikuwa kota za kiwanda. Kama ilivyokuwa katika viwanda vingi vya nguo vya Kusini enzi hizo, kazi za mashine zilikuwa za Wazungu. Wanawake Weusi waliachiwa kupika, kufua na kulea watoto wa wengine.

Lloyd Street na Libba Cotten
Elizabeth Cotten, maarufu kama Libba, alizaliwa 1893 na kukulia Lloyd Street, karibu na reli. Aliacha shule akiwa mdogo, akaajiriwa kazi za ndani kwa senti 75 kwa mwezi, akadunduliza hadi akanunua gitaa la dola 3.75. Alikuwa mashoto, na hakuna aliyemfundisha. Basi akaligeuza gitaa kichwa chini bila kubadilisha nyuzi: vidole vikapiga besi, na kidole gumba kikaimbisha sauti ya juu. Wapiga gitaa mpaka leo huumiza vichwa kuiga mtindo huo. Bado akiwa binti mdogo alitunga “Freight Train”, wimbo wa treni ya mizigo aliyoisikia ikipita karibu na kwao.

Baadaye aliliweka gitaa kando kwa miaka mingi. Alilishika tena akiwa mtumishi wa familia ya Seeger, wanamuziki wa Washington. Mwaka 1957 wimbo wake ulivuma Uingereza ukiwa na majina ya watunzi wengine, na ilibidi haki yake ipiganiwe. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1958 akiwa na miaka zaidi ya 60. Tuzo ya Grammy ilimfikia 1985, miaka miwili kabla ya kifo chake.

Lloyd Street ni makazi ya watu, si makumbusho. Pita, salimia, na usielekeze kamera kwenye baraza la mtu. Kisha ingia Libba Cotten Bikeway, njia fupi ya baiskeli na miguu inayokwenda sambamba na reli kuelekea Chapel Hill. Ukifika Merritt Mill Road, tafuta picha yake kubwa ukutani, iliyochorwa na Scott Nurkin, ambaye huwachora wanamuziki wa jimbo hili katika miji walikotoka.

Muziki wa leo
Cat's Cradle, ukumbi unaobeba watu wapatao 750, ndio moyo wa usiku wa Carrboro. Nunua tikiti mapema, maana bendi zenye jina hujaza haraka. Tamasha la Carrboro Music Festival, lililoanza 1998, halina kiingilio. Kwa kawaida huwa Septemba au Oktoba, na bendi hutapakaa mji mzima. Miaka ya karibuni taasisi ya Music Maker imeandaa maonyesho ya Ijumaa jioni, kati ya Mei na Juni, yaliyopewa jina la wimbo wa Libba. Hakiki tarehe kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Ukiwa na siku moja tu
Ichague Jumamosi. Asubuhi nenda soko la wakulima, lililoanza 1979: anayeuza ndiye aliyelima, na shamba lake haliko mbali zaidi ya maili 50, hivyo muulize yeye mwenyewe nyanya zinapikwaje. Kutoka hapo nenda kiwandani, kisha Lloyd Street na njia ya reli. Sikiliza “Freight Train” kabla ya kuanza kutembea, si baada. Utajua masikio uyategee wapi. Jioni iachie Cat's Cradle, na ukitoka ulizia basi la mwisho, kwa sababu wikendi ratiba hupunguzwa.