SOMO LA VAKANSI: TUTEMBELEE MIZE NDOGO ZA KWETU



Vakansi kubwa imekaribia. Mu mwezi wa saba na wa nane kila mumoja atarudia kwao: wengine Lubumbashi, wengine Kalemie, Uvira, Bukavu ao Beni. Wengi watasaidia wazazi ku shamba na ku soko, na ni vizuri. Lakini siku moja ao mbili zitabaki bure. Mu somo hili tunataka kuonyesha kama siku moja ile inaweza kufundisha sana, ikiwa mutu anajua pahali pa kwenda na maulizo ya kuuliza.

1. Mize ni nini?

Wenzetu wa Tanzania wanaita mize "makumbusho". Neno lile linatoka kwa kukumbuka. Mize ni nyumba ya kukumbuka: vitu vinawekwa pale kusudi watu wasisahau. Wengi wanafikiri mize ni ile nyumba kubwa ya Kinshasa tu, iliyofunguliwa mwaka 2019. Hapana. Kwetu pia ziko, ndogo, zenye vumbi kidogo, na watu wa mutaa wanapita mbele ya mulango miaka kumi bila kuingia.

2. Musalaba mudogo wa shaba

Mize ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, mutu aliyechunguza mambo ya watu wa kale. Ndani muko vitu vya makabila, vyungu, mawe ya madini, na vitu vilivyofukuliwa mu udongo. Kati ya vile vyote, sisi tunaomba musimame mbele ya kimoja: kipande cha shaba chenye mikono mine, sawa na herufi X.

Wengi wakikiona wanasema: "Ni musalaba wa wamisionere." Si kweli. Misionere Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, kwa mufalme Msiri, mwaka 1886. Lakini misalaba hii ilikuwa mu makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, miaka mamia mbele ya pale. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi mengi ya pahali pale, na wengine wakaendelea nyuma yao. Waliona wafu wamezikwa pamoja na vyungu vizuri, na mu makaburi mengine misalaba ya shaba.

Sasa tufikiri. Ku Sanga hakuna mugodi wa shaba. Shaba inatoka kusini, upande wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Basi watu wa ziwa walifanya biashara na watu wa mbali. Tena, kadiri miaka ilivyopita, misalaba ilikuwa midogo zaidi na ya kipimo kimoja. Kitu kidogo, cha kipimo kimoja, kinachohesabika: wataalamu wanasema ilikuwa feza. Wazee wetu walikuwa na feza yao mbele ya franka. Nyuma, serikali ya Katanga iliyojitenga tangu 1960 hadi 1963 ilitia misalaba mitatu ya namna ile ku bendera yake.

Muone: kipande kimoja cha shaba kimetufundisha jiografia, biashara na historia. Lakini kimefundisha yule tu aliyeuliza. Aliyesema "ni musalaba wa wamisionere" alipita, hakupata kitu.

3. Mufupa wa Ishango

Sasa tupande kaskazini, pahali muto Semliki unapotoka mu ziwa Edouard, ndani ya Parke ya Virunga. Pale Ishango, mwaka 1950, mutaalamu mubelgiji Jean de Heinzelin alipata mufupa mudogo, urefu wake karibu sentimetre 10, wenye alama zilizokatwa kwa safu tatu. Umri wake unahesabiwa karibu miaka 20.000.

Wanafunzi wa hesabu, muchukue kalamu. Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Muongeze: kila moja inaleta 60. Safu ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, jumla 48. Wengine wanasema aliyekata alama zile alikuwa anahesabu. Wengine wanasema alifuata siku za mwezi wa mbinguni. Mabishano hayajaisha. Lakini hatuwezi tena kukubali mutu anayesema kama kuhesabu kulikuja Afrika ndani ya meli ya Wazungu.

Jambo la kuhuzunisha ni hili: mufupa ule hauko Congo. Uko mu mize moja ya Bruxelles. Mutoto wa Beni akitaka kuuona, ni lazima apande ndege. Vitu vingine vilirudi: kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha zaidi ya vitu 100, na mwaka 2022 mufalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kinachoitwa Kakuungu, lakini kwa kukopesha, si kwa kurudisha kabisa. Ule wa Ishango ungali kule.

4. Lwiro na Ujiji

Walio upande wa Bukavu wanajua jina la Lwiro, mu teritware ya Kabare. Kituo cha uchunguzi kilianza pale mwaka 1947. Kule wataalamu walikusanya wanyama, wadudu na majani yaliyokaushwa ya inchi yetu. Tangu 2002 kuko pia pahali pa kutunza sokwe watoto ambao wawindaji waliua mama zao. Lakini mbele ya kwenda, muulize kwanza kama njia ni salama. Vita imefunga barabara nyingi, na hakuna mize inayostahili kuhatarisha maisha.

Na ninyi wa Kalemie na Uvira wenye ndugu Kigoma: karibu na Kigoma iko Ujiji, pahali Stanley alipomukuta Livingstone mwaka 1871. Kuko mize pale. Ndani mutakuta sanamu mbili za karatasi iliyogandishwa, kimo cha mutu, Stanley na Livingstone wanasalimiana. Watu wanacheka wakiziona. Mucheke, haizuru. Kisha mujiulize: wale wapagazi mamia waliobeba mizigo yao yote, sanamu yao iko wapi?

5. Je, Mukristo anaweza kutazama vitu vya zamani?

Ulizo hili wanafunzi wengine wanaliuliza kwa sauti ya chini, sababu mu mize kuko sanamu za mizimu na vyombo vya waganga. Mu historia ya makanisa yetu, waaminifu wa kwanza walichoma vitu vingi vya namna ile. Hatuwazarau. Walitaka kuonyesha kama wameacha njia ya kwanza.

Lakini kutazama si kuabudu. Musome Matendo ya Mitume 17: Paulo alizunguka mu muji wa Athene akaangalia mazabahu zao vizuri, na kwa kuangalia vile alipata mulango wa kuhubiri. Musome pia Yoshua 4: mawe kumi na mawili yalisimamishwa kusudi watoto wakiuliza siku moja, wazazi wawe na jibu. Mungu mwenyewe alijua kama mutu anasahau asipokuwa na kitu cha kuona. Anayeinama mbele ya sanamu anatenda zambi. Anayeuliza ilitengenezwa na nani na kwa sababu gani, anajifunza.

6. Namna ya kutembelea

Muende wawili ao watatu, na kaye na kalamu. Musikimbie vitu vyote. Muchague vitatu tu. Mbele ya kila kimoja muulize: kimetengenezwa na kitu gani? Kile kitu kilitoka wapi? Nani alikitumia, na kwa kazi gani? Kwa nini leo hakitumiwi tena? Mumwulize mulinzi, na heshima. Mara nyingi anajua kuliko karatasi iliyobandikwa. Musiguse bila ruhusa.

7. Mize isiyo na tiketi

Mwenye kukaa mbali na muji asiseme "mimi sina mize". Nyumba ya babu na nyanya ni mize. Mule muko kinu, kiti cha kuchonga, nyavu, jembe la zamani lililofuliwa na muhunzi, karatasi za kazi za wakati wa wabelgiji. Hakuna aliyeandika chochote juu ya vitu vile. Habari yao iko mu kichwa cha muzee mumoja tu, na siku tunapomuzika, tunazika habari pamoja naye. Kisha muchuuzi anapita, ananunua kile kiti kwa bei ya sabuni, na kesho kiko Ulaya bila jina la kijiji, bila jina la fundi. Kitu bila habari yake ni bubu. Kwa hiyo kazi ya kuandika ni yetu, na ni ya vakansi hii.

KAZI YA VAKANSI

a) Chagua kitu kimoja cha mize ao cha nyumba ya wazee. Kichore.
b) Jibu maulizo mane ya sehemu ya 6, mustari mitano mitano.
c) Andika jina la muzee aliyekuelezea, na kijiji chake, kama anakubali.
d) Kwa wa hesabu: tafuta jambo ambalo 11, 13, 17 na 19 zinafanana. Halafu jadili: je, aliyekata mufupa alilijua?

Mulete kazi mu mwezi wa tisa. Zilizo nzuri tutazipiga mu bulletini hii, kusudi shule nayo iwe na mize yake, hata kama ni ya karatasi.

Safari njema. Mungu awalinde.