Unaishi Shinyanga, jua unalipata saa ngapi?

Wanzengo, leo naweka pembeni mambo ya oda na bei. Tuongelee mwili unaobeba hiyo biashara, hasa vitamini D.

Mimi nauza viatu na nguo za kazi mtandaoni, niko Kahama. Wateja wangu wengi ni watu wa migodi: Kakola, Geita mjini, Nyarugusu, Rwamgasa. Siku hizi naulizwa sana, "Dada, vidonge vya vitamini D unavyo?" Sivyo ninavyouza, lakini swali lilinifanya nisome. Huku kwetu jua linachoma mwaka mzima, mtu anapungukiwaje?

Jibu liko kwenye ratiba ya kazi. Vitamini D nyingi mwili unaitengeneza wenyewe, mionzi ya jua ikigusa ngozi. Si joto, ni mionzi. Ukikaa ndani ya fremu yenye kioo unasikia joto la jua, lakini kioo kinazuia ile mionzi inayotakiwa. Dereva mwenye vioo juu, hali ni ileile. Na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji muda mrefu juani kuliko mzungu, maana weusi wa ngozi ni kinga inayochuja mionzi.

Wapo watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe hapa hapa Tanzania, majibu yakatoka mwaka 2012. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Madaktari wengi wanahesabu upungufu kuanzia chini ya 50, kwa hiyo hao wako juu mara mbili na zaidi. Ngozi nyeusi kama yetu, nchi hii hii. Wao wanashinda nje.

Sasa linganisha na kazi. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walikusanya tafiti 71 za nchi mbalimbali kuhusu kazi na vitamini D. Wafanyakazi wa zamu walikuwa na upungufu kwa asilimia 80, wa ndani asilimia 78, wa nje asilimia 48. Namba za zamu ndizo zilizonishtua, kwa sababu huo ndio ukanda wetu. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi. Geita walianza na mashimo ya wazi mwaka 2000, sasa nao wana uchimbaji wa chini. Mtu anaingia zamu ya usiku, asubuhi analala na pazia limefungwa, jioni anarudi kazini. Mchimbaji mdogo aliye duarani kutwa, yuko gizani vilevile. Ila mama anayechenjua nje au kijana wa kwenye karasha, huyo jua analo, shida yake ni vumbi.

Na muuzaji wa mtandaoni? Laivu saa tatu usiku, kujibu meseji hadi saa saba, asubuhi kufunga mizigo ndani, bodaboda anakuja kuchukua mlangoni. Tofauti yetu na mtu wa zamu ya usiku ni kofia ngumu tu.

Upungufu hauji na kelele. Ni uchovu, mifupa na mgongo kuuma, misuli ya mapaja kukosa nguvu ukipanda ngazi. Dalili hizo zina sababu nyingine nyingi, kwa hiyo kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Ninachofanya mimi: picha za bidhaa napiga nje, mchana. Kipimo changu ni kivuli. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mionzi inatosha. Kwetu ni kama saa nne na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jua la saa kumi na mbili jioni ni zuri kwa picha, kwa vitamini halisaidii. Mikono na miguu wazi, nusu saa hivi, siku kadhaa kwa wiki, na hakuna haja ya kujiunguza. Chakula kinaongeza kidogo: samaki wenye mafuta, kiini cha yai, maini. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanakupa na kalsiamu.

Tahadhari moja kubwa. Mwenye ualbino asifuate ushauri huu wa jua hata kidogo. Kwake jua ni saratani ya ngozi. Ajifunike, na vitamini aipate kwa chakula au kwa maelekezo ya daktari.

Kwa mnaouza vidonge, hapa nitakuwa mkali. Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku, na kikomo bila daktari ni 4,000. Kuna vidonge vya yuniti 50,000, na nimeona watu wanaviuza kwa maelezo ya "meza kila siku". Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama vitamini C. Inajikusanya, kalsiamu inapanda kwenye damu, figo zinaumia. Na tangazo la kwamba inatibu kifua kikuu lifute leo. Wachimbaji wanavuta vumbi la mawe, kifua kikuu kwao ni hatari ya kweli. Mteja akikuandikia kwamba amekohoa wiki mbili, usimtumie bei. Mwambie aende kituo cha afya cha serikali, vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.