SOMO LA AFYA: UTE WA MAGOTI



Aliyewahi kupasua goti la mbuzi anaujua ule ute unaoteleza kama ute wa yai. Utelezi huo huletwa hasa na kitu kiitwacho asidi ya hayaluroniki. Karl Meyer na John Palmer waliigundua huko New York mwaka 1934, ndani ya jicho la ng'ombe.

Kazi zake mwilini:
1. Kwenye viungo, hulainisha mifupa isisagane.
2. Kwenye ngozi, huhifadhi maji. Karibu nusu ya asidi hii yote imo humo.
3. Penye kidonda, husaidia nyama mpya kuota.

Matumizi yake: madaktari huiweka ndani ya jicho wakati wa kupasua mtoto wa jicho, na imo katika baadhi ya dawa za matone kwa macho makavu. Zamani ilitolewa kwenye undu wa jogoo. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa bakteria. Ipo pia sindano ya goti, lakini nafuu yake ni ndogo na haiponyi goti lililochakaa.

TAHADHARI: Goti likivimba ghafla, likiwa la moto, nawe una homa, huenda limeingia usaha. Usichanjwe kwa wembe, wala usikubali sindano ya mtaani. Usaha huharibu goti kwa siku chache tu. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, naye apelekwe bila kuchelewa.