Je, tundra itatufyonzea hewa ya ukaa?

Swali: Kaboni dayoksidi ni chakula cha mimea. Ikizidi angani, si mimea ya tundra, zile nyanda baridi za kaskazini zisizo na miti, itanawiri na kuifyonza?

Jibu: Ingekuwa hivyo kama mmea ungeishi kwa hewa tupu. Huko Toolik Lake, kaskazini mwa Alaska, watafiti waliyapa mafungu ya Eriophorum, majani yenye vichwa vyeupe kama pamba, kaboni dayoksidi maradufu. Usanisinuru ulipanda, lakini ndani ya wiki chache tu ukashuka tena. Sababu iko ardhini: baridi huchelewesha mboji kuoza, hivyo naitrojeni nyingi imefungiwa humo. Sukari ipo, cha kujengea majani mapya hakuna.

Utasema, basi joto litaiozesha mboji, naitrojeni ifunguke, mimea ikue. Hoja hiyo ni nzito, na nusu yake ni kweli. Kuanzia 1981, viwanja vya hapohapo vilitiwa naitrojeni na fosforasi kila mwaka, na kichaka kifupi cha Betula nana kikatamalaki. Ila vipimo vilivyochapishwa 2004 vilionyesha kwamba baada ya miaka 20 viwanja hivyo vilikuwa vimepoteza karibu gramu 2,000 za kaboni kwa kila mita ya mraba, maana udongo wa chini ulitoa nyingi kuliko vichaka vilivyohifadhi. Ni kweli mbolea ile ilizidi mno kile ambacho joto lingefungua, kwa hiyo tarakimu hiyo si utabiri. Hata hivyo, ukijani wa tundra unaoonekana kwenye picha za setilaiti hauonyeshi akiba iliyo chini inakwenda wapi.