Machozi ya Mwenzako Si Nafasi Yako



Leo tujifunze kupitia Fleabag, tamthilia ya Uingereza ya watu wazima, msimu wa 2 (2019), sehemu ya 4. Mwanamke aliyebeba huzuni ya muda mrefu anaingia kwenye kitubio usiku. Analia. Amechoka kuamua kila kitu, anataka mtu amwambie aishi vipi. Padre anamwambia apige magoti, kisha wanabusiana. Picha inaanguka ukutani, padre anashtuka na kuacha.

Watazamaji wengi waliona hayo ni mapenzi matamu, wakatamani wawili hao wabaki pamoja. Wengine wakasema hapana, padre ametumia udhaifu wake. Mimi niko upande wa hawa wa pili, na sababu si useja peke yake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Sasa jiulize: yule dada alihitaji nini saa ile? Alihitaji kusikilizwa. Alifungua moyo, akapewa busu. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa, kanuni 1385, inamwadhibu padre anayetumia maungamo kumshawishi muungamaji atende dhambi dhidi ya amri ya sita.

Lakini tusiishie kwa mapadre. Rafiki yako ameachwa, au amefiwa, anakupigia simu usiku analia. Kabla hujamjibu, jiulize: namtakia mema yake, au natafuta yangu?

Mungu atujalie mapendo safi. Amina.