Hesabu Katika Mchezo wa Star Trek

Mnamo mwaka 1971 Mike Mayfield, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari huko California, Marekani, aliandika mchezo wa kompyuta uliotokana na Star Trek, mfululizo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa mwaka 1966. Bob Leedom aliupanua, na David Ahl akauchapisha katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwa jina la Super Star Trek. Mchezo huo hauna picha. Mchezaji huona herufi, tarakimu na alama tu. Hata hivyo, ndani yake mna somo zuri la hisabati na onyo moja la kisayansi.

1. Namba inayosema

Anga limegawanywa katika maeneo 64, yaani safu 8 zenye maeneo 8 kila moja. Kila eneo nalo lina vyumba 64. Mchezaji ni nahodha wa chombo Enterprise. Huanza na vipimo 3000 vya nishati na makombora 10, na hutakiwa kuviangamiza vyombo vyote vya Klingon kabla ya muda wake kwisha.

Hali ya kila eneo huelezwa kwa tarakimu 3: mamia ni idadi ya adui, makumi ni vituo vya kujazia nishati, na mamoja ni nyota. Basi 207 maana yake ni adui 2, nyota 7, wala hakuna kituo. Sifuri hapo si kitu cha kupuuzwa: humwonya nahodha kwamba nishati ikimwishia humo, hana pa kuijaza.

2. Umbali na nguvu

Tuseme Enterprise imo katika chumba (2, 3) na adui mmoja yumo katika (5, 7). Tofauti ni 3 na 4. Kwa kanuni ya Pythagoras umbali ni 5. Nahodha akifyatua miali ya vipimo 500, programu hugawanya 500 kwa 5, kisha huzidisha kwa namba ya nasibu iliyo kati ya 2 na 3. Adui hupata pigo la kati ya 200 na 300. Adui wakiwa 2, nishati hugawanywa kwanza nusu kwa nusu.

Je, si heri kusogea karibu? Pigo la adui nalo hukokotolewa kwa kanuni iyo hiyo. Anayesogea huongeza nguvu zake na hatari yake pamoja.

3. Onyo

Katika maumbile, mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara 5, ukali wake huwa sehemu 1 ya 25. Katika mchezo huu pigo huwa sehemu 1 ya 5 tu. Kompyuta haikukosea, imetii kanuni iliyochaguliwa na mwandishi wa programu. Kwa hiyo, kila tupewapo jibu la kompyuta, hatuna budi kuuliza: ni nani aliyechagua kanuni, na je, inalingana na maumbile?

Zoezi

Adui aliye umbali wa 6 amesogea hadi umbali wa 2. Pigo litaongezeka mara ngapi kwa kanuni ya mchezo? Na kwa kanuni ya mraba? (Majibu: mara 3, mara 9.)