Tabaka Gumu Chini ya Shamba: Somo la Ugani kwa Wakulima wa Karatu

Mvua ikinyesha vizuri Rhotia au Mbulumbulu, kisha baada ya siku kumi tu mahindi yakaanza kukunja majani adhuhuri, mkulima huwa na sababu tatu za kutaja: mvua haikutosha, mbegu ilikuwa mbaya, au mbolea ilikuwa ya kughushi. Zote tatu hutokea. Lakini katika mashamba mengi ya ukanda wa juu wa Karatu kuna sababu ya nne, ambayo haionekani kwa kuwa imejificha chini ya miguu ya mwenye shamba. Sentimita chache chini ya kina cha jembe lipo tabaka la udongo ulioshindiliwa, ambalo maji hayalipenyi kwa urahisi na mizizi hushindwa kulitoboa. Juu ya tabaka hilo shamba huonekana zuri na udongo wake hutifuka. Mmea ulio juu yake, hata hivyo, unaishi kama uliopandwa katika sinia.

Kazi ya Afisa Ugani wa Kata, ambaye wananchi wengi bado humwita bwana shamba au bibi shamba, huanzia hapo. Kwa tatizo hili vifaa vyake vya kwanza ni sepetu na kisu. Huchimba shimo katikati ya shamba, la kina cha nusu mita, ukuta wake mmoja ukiwa umenyooka. Kisha huchoma kisu katika ukuta huo kuanzia juu kwenda chini, kila baada ya vidole viwili. Penye udongo mzuri kisu huingia bila shida. Kikifika kwenye tabaka gumu husita, na mkono huhisi tofauti hiyo mara moja. Ushahidi wa pili ni mzizi wa muhindi wenyewe. Mzizi ulioshuka ukakutana na kizuizi hupinda na kutambaa kwa ulalo. Mkulima akishauona mzizi huo katika shamba lake mwenyewe, hahitaji hotuba ndefu.

Hasara yake inaweza kupigiwa hesabu. Milimita moja ya mvua katika eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Basi mvua ya milimita 25 inayonyesha mchana mmoja huleta katika ekari moja zaidi ya lita 100,000, yaani mapipa zaidi ya 500 ya lita 200. Ikiwa nusu ya maji hayo itashindwa kupenya na kuteremka mtelemkoni, mkulima amepoteza mapipa 250 kwa mchana mmoja, na kila pipa limeondoka na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Makorongo yanayokata mashamba na njia za vijiji vya wilaya hii yamechimbwa na maji ya namna hiyo.

Tabaka hilo limetengenezwa na kazi ya watu. Karatu, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, ililimwa kwa trekta mapema kuliko sehemu nyingi za nchi kwa sababu ya ngano na mashamba makubwa. Plau la sahani lilikuwa chombo cha maendeleo, na hadi leo wapo wanaoona kwamba shamba lisilopinduliwa na sahani halijalimwa. Sahani zinapopita katika kina kilekile mwaka baada ya mwaka, hulainisha udongo wa juu na kuushindilia ulio chini yake kwa uzito wa chombo. Plau la maksai hufanya vivyo hivyo katika kina kifupi zaidi, na hata jembe la mkono halina udhuru. Kwato za mifugo inayoingia shambani udongo ukiwa bado mbichi huongeza ugumu. Inafaa kukumbuka kwamba wazee wa Kiiraqw wa Kainam, huko Mbulu, walijulikana kwa kilimo cha miteremko mikali kilichotegemea samadi, majani yaliyofukiwa na matuta, kabla trekta halijafika. Elimu ya kuhifadhi udongo si ngeni katika ukanda huu.

Tiba yake ina sehemu mbili, na kosa la kawaida ni kufanya ya kwanza na kuiacha ya pili. Sehemu ya kwanza ni kulipasua tabaka kwa chombo chenye jino refu, cha trekta au cha maksai, bila kuupindua udongo. Baada ya hapo shamba halipigwi tena plau la sahani. Hufunguliwa mistari ya kupandia tu kwa ripa inayokokotwa na maksai, kama ile iliyopewa jina la Magoye, mahali ilikobuniwa huko Zambia. Ardhi iliyo kati ya mistari huachwa bila kuguswa, na mwaka unaofuata mbegu hurudishwa katika mistari ileile. Sehemu ya pili ni kuifunika ardhi. Tabaka lililopasuliwa na kuachwa wazi hujishindilia tena baada ya misimu michache, na fedha ya kukodi trekta inakuwa imepotea.

Kwa Karatu, mimea miwili imeonekana kufaa kuliko mingine. Mbaazi ina mzizi unaoshuka chini sana na kufanya kazi ya kupasua udongo bila malipo. Majani yake huanguka na kuwa mbolea. Ngwara hutambaa na kufunika ardhi yote, majani yake machanga ni mboga, na punje zake zina wanunuzi Kenya, ambako huitwa njahi. Ngwara hupandwa wiki kadhaa baada ya mahindi ili isiyapande na kuyaangusha. Afisa mkweli ataeleza pia upande wa pili. Msimu wa kwanza bila kulima kwa sahani huleta magugu mengi, na familia isiyojiandaa kwa palizi hujuta. Ngwara nayo hushambuliwa na wadudu wakati wa maua. Mkulima aliyeahidiwa shamba lisilo na kazi atarudi kwenye plau msimu wa pili, na atakuwa na haki.

Njia ya kufundishia mambo haya imebadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 ugani wa nchi ulifuata utaratibu wa mafunzo na matembezi: mtaalamu alimpa afisa ujumbe, afisa akampelekea mkulima wa mfano, na huyo akatarajiwa kuwaeleza wenzake. Ujumbe ulikuwa mmoja kwa watu wenye mashamba tofauti. Kuanzia mwaka 2004, mradi wa kilimo hifadhi uliosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na watafiti wa Selian, Arusha, ulitumia shamba darasa katika wilaya kadhaa, Karatu ikiwamo. Katika shamba darasa kikundi cha wakulima hukutana mara kwa mara msimu mzima katika eneo moja lililogawanywa vipande. Kipande kimoja hulimwa kwa mazoea, kingine kwa njia mpya. Mbegu ni ileile na siku ya kupanda ni ileile, ili tofauti itakayoonekana isiwe na sababu nyingine. Wakulima wenyewe hupima na kuandika. Afisa huuliza maswali zaidi kuliko anavyotoa majibu, jambo ambalo si jepesi kwa mtu aliyesomea kutoa majibu.

Mambo ya udongo yanaeleweka. Mgogoro mkubwa uko kwenye mabua. Kilimo hifadhi kinataka mabua yabaki shambani yafunike ardhi. Ng'ombe nao wanayahitaji kiangazi, na kwa desturi ya vijiji vingi shamba lililovunwa ni malisho ya wote. Mkulima anayeacha mabua yake kwa ajili ya udongo anaweza kuamka na kukuta mifugo ya jirani imeyamaliza na kuikanyaga ardhi yake. Na jirani huyo si adui: ng'ombe wake ndio maziwa ya watoto, samadi na maksai wa kulimia, pengine maksai walewale watakaokodishwa kuvuta ripa. Kumwambia aache mifugo ife ili udongo wa mwenzake upone ni kumtukana.

Hapa ofisi ya ugani hulazimika kuwa mpatanishi. Baadhi ya mapatano ni ya kilimo: kupanda majani ya tembo au Guatemala kwenye kingo za makinga maji ili mifugo ipate lishe ya kukatiwa, na kugawana mabua, sehemu zizini na sehemu ardhini. Mbaazi nayo husaidia kwa namna isiyotarajiwa. Kwa kuwa husimama shambani miezi kadhaa baada ya mahindi kuvunwa, huchelewesha kuingia kwa mifugo bila ugomvi, maana hakuna asiyeheshimu zao lililosimama. Mapatano mengine ni ya sheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ambayo hujadiliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Sheria ndogo ya malisho iliyoandikwa bila wafugaji kuwapo mkutanoni ni karatasi tu. Iliyojadiliwa nao, ikataja tarehe za kuingia shambani, njia za mifugo na mahali pa maji, husimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Suala la kukodi ardhi nalo ni zito. Anayekodi ekari mbili kwa msimu mmoja hana sababu ya kugharimia udongo utakaomfaa mwingine. Mkataba wa miaka mitatu au zaidi, ulioandikwa mbele ya uongozi wa kijiji, hubadilisha hesabu hiyo.

Soko pia linaweza kuharibu somo zuri. Mwezi Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo. Bei katika vijiji vyetu ikaanguka vibaya, na wakulima waliokuwa wamepanua mashamba wakabaki na magunia. India ililegeza masharti hayo mwaka 2021, lakini funzo la ugani lilibaki: zao linaloponya udongo lazima pia liliwe nyumbani. Mbaazi ikipikwa vizuri kwa ugali ni chakula kamili, na haifai iendelee kuhesabiwa kuwa zao la kusafirisha peke yake.

Kinachosemwa hapa hakiwahusu wote. Chini, kwenye bonde la Eyasi, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anategemea maji ya chemchemi, na somo lake kuu ni zamu za mfereji. Upande wa pili, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tangu 1992, kisha kikasitishwa tena 2009. Afisa anayefanya kazi huko ni wa mifugo: chanjo ya ndigana kali kwa ndama, na kuheshimu elimu ya wafugaji wanaowaondoa ng'ombe kwenye mbuga za nyasi fupi wakati nyumbu wanapozaa, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza maradhi yanayoua ng'ombe. Hata hivyo wakazi wa huko hula mahindi ya kununua, na udongo ukiisha Karatu, bei ya debe hupanda huko pia.

Msimu una saa yake kwa kazi hii. Shimo la uchunguzi huchimbwa mahindi yakiwa yamesimama, karibu na kutoa mbelewele, mizizi ikiwa inaonekana vizuri. Kupasua tabaka hufanywa baada ya mavuno, kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Udongo mkavu huvunjika na kuacha nyufa pande zote. Uliolowa hukatwa kama sabuni, jino likipita njia hujifunga nyuma yake. Anayesubiri mvua za vuli zianze ndipo aite trekta amechelewa. Maombi ya afisa kufika shambani hupelekwa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, na ni rahisi zaidi kuhudumiwa wakulima kumi wa kitongoji kimoja wakiomba kwa pamoja. Afisa huyo ana vijiji kadhaa, na pikipiki zilizogawiwa na Serikali kwa maafisa ugani mwaka 2022 zimefupisha safari bila kuongeza saa za mchana. Kabla hajafika, shimo liwe limeshachimbwa.